Kigali na betri za polima: Ni lithiamu kiasi gani inayovuka?

KIGALI — Tangu Januari 2025, mtu anayetaka kusajili pikipiki mpya ya kubeba abiria katika jiji la Kigali hana tena hiari ya petroli. Serikali ya Rwanda ilitangaza mwaka 2024 kwamba usajili mpya wa biashara hiyo utakuwa wa pikipiki za umeme pekee, na tarehe ilipowadia mlango ukafungwa. Pikipiki za petroli zilizokwisha kusajiliwa hazikuondolewa barabarani, lakini mwelekeo wa soko unafahamika.

Kwa mfanyabiashara wa mipakani uamuzi huo una maana moja kubwa. Sehemu ya fedha zilizokuwa zikilipia petroli sasa inalipia betri za lithiamu, bidhaa ambayo hakuna nchi ya Afrika Mashariki inayotengeneza seli zake kwa wingi. Betri hizo hushuka Dar es Salaam au Mombasa, hupanda barabara hadi Rusumo au Gatuna, na huishia chini ya kiti cha motari, kama waendesha pikipiki wanavyoitwa Kigali.

Ndiyo maana ni vyema soko hili lijiandae mapema kwa bidhaa inayozungumzwa sana katika maabara na maonyesho ya biashara ya nje: betri ambayo ndani yake, badala ya maji yanayowaka, kuna utando wa polima uliolowekwa katika chumvi ya majimaji. Sifa inayotangulizwa ni usalama, na sifa hiyo ina msingi. Lakini kwa mji wa vilima kama Kigali swali la kwanza la mnunuzi linapaswa kuwa jingine. Ni lithiamu kiasi gani inayovuka utando huo, katika baridi ya asubuhi ya Kigali, na kwa kasi inayodaiwa na mlima?

Soko lilivyofika hapa

Ikumbukwe kwamba Rwanda haikuamka siku moja na kukuta pikipiki za umeme. Kampuni ya Ampersand ilianza biashara hiyo Kigali mwaka 2019 kwa utaratibu wa kubadilishana betri: motari anamiliki pikipiki, kampuni inamiliki betri, na betri ikiisha anaingia kituoni na kutoka na nyingine iliyojaa. Agosti mwaka huo huo Rais Paul Kagame alisema hadharani kwamba pikipiki za petroli zitapisha za umeme. Oktoba 2019 Volkswagen na Siemens zilizindua Kigali majaribio ya magari ya umeme.

Hatua iliyogusa forodha moja kwa moja ilikuja Aprili 2021, pale Baraza la Mawaziri lilipopitisha vivutio vya usafiri wa umeme. Magari na pikipiki za umeme, vipuri vyake, betri na vifaa vya kuchajia viliwekewa kiwango sifuri cha kodi ya ongezeko la thamani, na vikapewa msamaha wa ushuru wa forodha na ushuru wa bidhaa. Vituo vya kuchajia vikapangiwa bei ya umeme isiyozidi ile ya viwandani. Kenya nayo, katika Sheria ya Fedha ya 2023, iliziweka betri za lithiamu na pikipiki za umeme katika kiwango sifuri cha kodi hiyo. Kampuni nyingine zikaingia, ikiwemo Spiro, na ushindani ukaongezeka.

Msamaha huo umefanya kazi yake ya kuvuta mitaji. Lakini msamaha hauchagui. Betri nzuri na betri dhaifu zote zinapita kwa kiwango kile kile, na kazi ya kuzitenganisha imebaki mikononi mwa mnunuzi.

Kinachowaka ni nini

Betri ya lithiamu ina pande mbili, chanya na hasi, na katikati yake kuna njia. Ayoni za lithiamu, yaani chembe za lithiamu zenye chaji, huvuka njia hiyo kwenda upande mmoja betri inapochajiwa, na kurudi inapotumika. Njia hiyo huitwa elektrolaiti. Katika betri nyingi zilizopo sokoni, elektrolaiti ni chumvi ya lithiamu iliyoyeyushwa katika vimiminika vya jamii ya viyeyusho vya rangi na plastiki.

Vimiminika hivyo hupitisha lithiamu vizuri sana. Tatizo ni kwamba huvukiza na kuwaka. Seli ikipata hitilafu, kwa mfano kupondwa, kuchajiwa kupita kiasi au kuwa na kasoro ya kiwandani, joto hupanda, mvuke hutoka na moto hufuata. Kinachochomeka mara nyingi ni njia yenyewe waliyokuwa wakipitia ayoni.

Wazo la kuondoa maji hayo na kuweka polima si jipya. Katika miaka ya 1970 Peter Wright na wenzake nchini Uingereza walionyesha kwamba polima inayoitwa polietilini oksaidi, ikichanganywa na chumvi, hupitisha umeme kwa ayoni. Mwaka 1978 Mfaransa Michel Armand akapendekeza itumike katika betri. Polima hiyo ina minyororo mirefu yenye atomu za oksijeni, na ayoni ya lithiamu hushikwa na oksijeni hizo. Mnyororo unapotikisika, lithiamu hupokezwa kutoka oksijeni moja hadi nyingine, kama ndoo ya maji inavyopokezwa mikono ya watu waliojipanga foleni.

Hapa ndipo joto linapoingia. Mnyororo ukiwa umeganda, mikono haitikisiki na ndoo haiendi. Polima hiyo hulainika vizuri ikifika takriban nyuzi joto 65 za Selsiasi. Chini ya hapo, katika joto la kawaida la chumba, upitishaji wake hushuka mara elfu nyingi kuliko ule wa elektrolaiti ya maji.

Somo la Paris

Jambo hilo lilijaribiwa barabarani, tena kwa miaka mingi. Kati ya Desemba 2011 na Julai 2018 jiji la Paris lilikuwa na huduma ya magari ya umeme ya kukodi iitwayo Autolib', iliyoendeshwa na kundi la Bolloré, jina linalofahamika katika bandari nyingi za Afrika. Betri za magari hayo zilikuwa za lithiamu na polima ngumu. Ili zifanye kazi zilihitaji kuwekwa kati ya nyuzi joto 60 na 80, hivyo gari lililoegeshwa lilibaki limechomekwa kwenye umeme ili betri isipoe.

Kigali, ulio zaidi ya mita 1,500 juu ya usawa wa bahari, alfajiri huwa na nyuzi joto 15 au 16. Betri ya pikipiki inayohitaji kupashwa joto usiku kucha ingekula sehemu ya umeme ambao motari ameulipia kabla hata hajapata abiria wa kwanza.

Paris ilitoa somo la pili pia. Aprili 2022 mabasi mawili ya umeme ya aina ya Bluebus, yenye betri za teknolojia hiyo hiyo ya polima, yaliungua mjini humo ndani ya mwezi mmoja. Shirika la usafiri la RATP liliondoa kwa muda mabasi 149 ya aina hiyo barabarani. Neno polima peke yake, basi, si hati ya usalama. Betri ni seli, waya, kompyuta ndogo ya ulinzi na kasha; kasoro mahali popote inaweza kuleta moto.

Chumvi iliyo maji

Chumvi ya mezani huyeyuka kwa moto wa zaidi ya nyuzi joto 800. Lakini zipo chumvi ambazo ni maji hata mezani. Paul Walden alieleza mojawapo mwaka 1914, inayoyeyuka katika nyuzi joto 12 tu. Siri yake ni ukubwa na umbo la ayoni zake: ni kubwa, hazijipangi vizuri, na kwa hiyo hazigandi kirahisi. Wanakemia huziita vimiminika vya ayoni.

Kwa mtengeneza betri vimiminika hivi vina sifa mbili za kuvutia. Ni chumvi tupu, hivyo karibu havivukizi kabisa, na kisichotoa mvuke ni kigumu kuwasha. Pili, vikiingizwa katika polima huilainisha, minyororo ikatikisika hata katika joto la kawaida. Mwaka 2003 watafiti Shin, Henderson na Passerini walionyesha jambo hilo kwa kuongeza kimiminika cha ayoni katika polietilini oksaidi yenye chumvi ya lithiamu. Upitishaji katika joto la chumba ulipanda kwa kiasi kikubwa. Tangu hapo tando za namna hiyo zimetengenezwa katika maabara nyingi, baadhi kwa polietilini oksaidi na nyingine kwa polima zenye florini.

Mtu akisoma hadi hapo anaweza kudhani kwamba kazi imekwisha. Moto umepungua, polima imelainika, umeme unapita. Kilichobaki ni kuuliza umeme huo unabebwa na nani.

Malori mengi, mzigo mdogo

Msomaji anayefanya kazi Rusumo ataelewa haraka. Tangu kituo cha pamoja cha mpakani kilipozinduliwa Aprili 2016, ukisimama darajani unaweza kuhesabu malori yanayovuka kwa siku. Hesabu hiyo inaonyesha msongamano, lakini haimwambii mwenye mzigo kama saruji yake imefika. Malori mengine yamebeba mchele, mengine yanarudi matupu. Mwenye saruji anahitaji kujua malori mangapi kati ya hayo yamebeba saruji, na yanaelekea upande gani.

Upitishaji wa utando ni hesabu ya malori yote. Ndani ya utando wenye kimiminika cha ayoni kuna angalau aina tatu za wasafiri: lithiamu yenye chaji chanya, ayoni kubwa chanya ya kimiminika chenyewe, na ayoni hasi, mara nyingi ile yenye florini inayojulikana kwa herufi TFSI. Zote hutembea na zote huhesabiwa na chombo cha kupimia. Lakini betri huishi kwa lithiamu pekee. Ayoni nyingine zikifika ukingoni hazina mahali pa kuingia. Hujazana hapo kama malori yaliyokosa stakabadhi.

Katika elektrolaiti ya kawaida ya maji, sehemu ya umeme inayobebwa na lithiamu ni kama theluthi moja. Katika polietilini oksaidi huwa ndogo zaidi, mara nyingi kati ya sehemu moja na mbili katika kumi. Ukiongeza kimiminika cha ayoni umeongeza wasafiri wengine wengi, na mgawo wa lithiamu hushuka tena.

Liko jambo la kushangaza zaidi. Lithiamu ni ndogo na chaji yake imekolea, hivyo huvuta ayoni hasi zikaizunguka. Ayoni moja ya lithiamu ikishikamana na mbili au zaidi za TFSI, kundi zima linakuwa na chaji hasi. Likivutwa na umeme, kundi hilo huelekea upande ulio kinyume na ule ambao lithiamu ingetakiwa kwenda. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Münster nchini Ujerumani walilipima jambo hilo na kulichapisha mwaka 2018 kwa michanganyiko ya chumvi ya lithiamu na vimiminika vya ayoni. Mwaka 2019 Molinari, Mailoa na Kozinsky wakaonyesha kwa hesabu za kompyuta kwamba si tukio la nadra bali ni tabia ya jumla ya michanganyiko hiyo. Ni sawa na kusema lori la saruji limekokotwa na malori mawili yanayorudi bandarini.

Betri haisimami papo hapo kwa sababu hiyo. Lithiamu pia hujisambaza yenyewe kutoka penye wingi kwenda penye uhaba, na ndani ya polima oksijeni za mnyororo hushindana na TFSI kuishika. Lakini kasi ya namna hiyo ina kikomo. Umeme ukidaiwa kwa nguvu, lithiamu hupungua upande mmoja wa utando kuliko inavyojazwa, na volti hushuka ghafla. Wakati wa kuchaji kwa haraka, katika betri zenye upande hasi wa metali ya lithiamu, uhaba huo huo unaweza kuotesha miiba ya metali inayotoboa utando na kuunganisha pande mbili. Utando uliowekwa kwa ajili ya usalama huanza hapo kuupoteza.

Hesabu ya mlima

Kigali hupima betri bila kuhitaji maabara. Chukua pikipiki, motari na abiria, jumla kilo 250, wakipanda kutoka bonde la Nyabugogo kuelekea mjini kati kwenye mwinuko wa asilimia 8 kwa mwendo wa kilomita 30 kwa saa. Kuinua uzito huo peke yake kunadai takriban wati 1,600. Ukiongeza msuguano wa magurudumu, upepo na hasara za mota, betri inatakiwa kutoa karibu kilowati 2.5. Kama ujazo wake ni kilowati-saa 2.5, inatumika kwa kasi ambayo ingeimaliza katika saa moja.

Tando nyingi za polima na vimiminika vya ayoni hupimwa maabara kwa kasi ya kuimaliza betri kwa saa 10 au 20, tena mara nyingi kwenye nyuzi joto 40, 60 au zaidi. Matokeo hayo ni halali kwa sayansi, na yanaweza kutosha kwa betri ya sola ya nyumbani inayotoa umeme polepole usiku mzima. Kwa moto ya Kigali hayajibu swali. Hati ya muuzaji ikionyesha mizunguko mingi ya kuchaji kwenye nyuzi joto 60 na kwa kasi ndogo, mnunuzi wa Kigali bado hajaambiwa kitu kuhusu mlima wa Nyabugogo saa kumi na mbili asubuhi.

Anayelipa gharama ya kutokujua ni motari. Betri inayolegea mlimani humlazimisha kwenda kituoni mara nyingi zaidi kwa siku, na kila safari ya kituoni ni abiria aliyekwenda na mwingine. Kwa kuwa betri si yake, hawezi kuibadilisha. Anachoweza ni kubadilisha kampuni, na hilo nalo ni gumu pale pikipiki yake inapokubali betri za kampuni moja tu.

Forodha na neno "polima"

Kuna mkanganyiko ambao mawakala wa forodha watakutana nao kabla ya mafundi. Sokoni tayari zipo betri zinazoandikwa polima, zile bapa zenye kifuko laini, zinazotumika katika simu na ndege ndogo zisizo na rubani. Nyingi ya hizo ndani yake bado kuna elektrolaiti ya maji yale yale yanayowaka, pengine imeganda kidogo kama uji. Neno polima juu ya boksi linaweza kumaanisha kifuko, uji, au utando mgumu kabisa. Bei ya vitu vitatu hivyo haipaswi kuwa moja.

Utaratibu wa usafirishaji una mtego wake. Betri za ayoni za lithiamu zinazosafirishwa peke yake ni mzigo wa hatari wa daraja la 9 wenye namba UN 3480, pamoja na zile zinazoitwa za polima. Lakini betri ambayo upande wake hasi ni metali ya lithiamu, kama zilivyo nyingi zinazobuniwa pamoja na utando mgumu, inaangukia UN 3090, namba tofauti yenye masharti tofauti. Katika ushuru, betri za ayoni za lithiamu zina kifungu chao 8507.60, na zisizoingia humo huenda kwenye kifungu cha betri nyinginezo. Mwagizaji anayejaza fomu kwa mazoea anaweza kukuta shehena imezuiliwa bandarini, na mabishano ya kifungu yakala muda ambao betri ingekuwa barabarani.

Anayefikiria kukwepa bandari kwa kutumia ndege naye asikadirie kwa mazoea. Tangu Aprili 2016 betri za ayoni za lithiamu zinazosafiri peke yake haziruhusiwi kama mizigo katika ndege za abiria, na katika ndege za mizigo chaji yake isizidi asilimia 30.

Aidha, wauzaji wengi huonyesha cheti cha majaribio ya Umoja wa Mataifa kinachoitwa 38.3. Cheti hicho ni cha lazima na kina thamani: betri hupitishwa katika hewa haba ya mwinuko, joto na baridi kali, mtikisiko, mshtuko na mzunguko mfupi wa umeme. Lakini lengo lake ni usalama safarini. Betri inaweza kufaulu yote hayo na bado ikashindwa kupanda mlima.

Florini na Bugesera

Kila betri inayoingia itafika siku ya kutolewa. Rwanda ina bahati ya kuwa na kituo cha taka za elektroniki wilayani Bugesera, kinachoendeshwa na Enviroserve Rwanda. Tando zinazozungumzwa hapa zitaongeza kazi, kwa sababu TFSI na polima nyingi zinazotumiwa nazo zina florini. Zikichomwa ovyo hutoa gesi ya sumu inayochubua mapafu, na hazifai kutupwa dampo.

Upande wa Ulaya suala hilo limekwisha kuwa la kibiashara. Februari 2023 lilichapishwa pendekezo la Ujerumani, Uholanzi, Denmark, Sweden na Norway la kuzuia jamii nzima ya kemikali hizo za florini, jamii pana inayozigusa pia kemikali za betri. Sheria ya betri ya Umoja wa Ulaya ya mwaka 2023 nayo inadai kwamba kuanzia Februari 2027 betri za magari na za vyombo vyepesi vya usafiri ziwe na pasipoti ya kidijitali inayoeleza kilichomo ndani. Viwanda vya Asia vinavyouza Ulaya vitalazimika kuandaa taarifa hizo. Mnunuzi wa Kigali, Kampala au Nairobi akiziomba, atakuwa anaomba kitu kilichokwisha kuandikwa.

Maswali manne

Hakuna sababu ya Kigali kuikimbia teknolojia hii. Watafiti wanashughulikia kasoro zake: wengine wanaongeza kiwango cha chumvi ya lithiamu, wengine wanaifunga ayoni hasi kwenye mnyororo wa polima ili isitembee na lithiamu ibaki msafiri pekee, wengine wanachanganya chembe za kauri. Kila dawa ina gharama yake, kwani chumvi zaidi huufanya mchanganyiko kuwa mzito, na ayoni iliyofungwa hupunguza kasi ya jumla. Vimiminika vya ayoni vyenyewe bado ni ghali kuliko viyeyusho vya kawaida.

Tena mji huu una faida ambayo miji mingi haina. Katika utaratibu wa kubadilishana, betri huchajiwa na kampuni, mahali panapojulikana na kwa kasi inayodhibitiwa. Seli mpya zinaweza kuwekwa katika betri chache, zikafuatiliwa kwa miezi kadhaa, bila motari kubebeshwa hatari ya kununua kitu kisichojulikana. Na kwa upande wa elimu, Taasisi ya Afrika Mashariki ya Utafiti wa Msingi, iliyofunguliwa mwaka 2018 ndani ya Chuo Kikuu cha Rwanda kwa ushirikiano na kituo cha fizikia cha Trieste, Italia, inafundisha fizikia ya maada hapa hapa Kigali. Kufuatilia lithiamu ndani ya polima kwa hesabu za kompyuta ni kazi ya fani hiyo hiyo.

Kabla ya mkataba kusainiwa, mwagizaji na Bodi ya Viwango ya Rwanda wangeweza kuanza na maswali manne ambayo muuzaji mkweli hatashindwa kuyajibu:

1. Kati ya upitishaji wote ulioandikwa, sehemu ya lithiamu ni ngapi, na ilipimwa kwa njia gani?

2. Betri inatoa ujazo gani kwenye nyuzi joto 15, si kwenye 60 pekee?

3. Volti inashuka kiasi gani betri inapotumika kwa kasi ya kuisha kwa saa moja, na baada ya mizunguko mingapi?

4. Upande hasi ni metali ya lithiamu au la, na ndani kuna florini kiasi gani?

Swali la nne linaamua namba ya usafirishaji, kifungu cha ushuru na kazi itakayofika Bugesera. Matatu ya kwanza yanaamua kama abiria atafika kileleni.

Msamaha wa kodi wa 2021 unaweza kutumika kama silaha hapa. Serikali ikidai majibu ya maswali hayo kama sharti la betri mpya kupata msamaha, gharama ya kupima itahama kutoka kwa motari kwenda kwa mtengenezaji, mahali inapostahili. Nchi nyingine za Jumuiya ya Afrika Mashariki zikikubali karatasi hiyo hiyo, betri haitapimwa upya kila mpaka inaouvuka.

Mpaka hilo lifanyike, betri za elektrolaiti ya maji zenye ulinzi mzuri wa kielektroniki zitaendelea kuibeba Kigali, na hakuna aibu katika hilo. Anayekuja na utando mpya akaribishwe. Aulizwe tu, kabla ya bei, lithiamu yake inaelekea upande gani.